Stata, growa, leyazi: mwongozo kamili wa kumlisha kuku wa mayai bila kukosea siku ya kubadilisha chakula

Maswali yanayonifikia kuhusu kuku wa mayai yanafanana kama mayai ya trei moja. "Wana wiki 22, hawatagi." "Wanataga, lakini ganda linapasukia mkononi." "Vifaranga wamepishana, wengine wakubwa, wengine kama kware." Nikiuliza wanalishwa nini, jibu halina kasoro: stata (chakula cha vifaranga), halafu growa (cha kuku wanaokua), halafu leyazi (cha wanaotaga). Majina watu wanayajua. Wanakosea pale pa kuvuka kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Kuna aliyewahi, kuna aliyechelewa, na kuna aliyevusha kuku kwa siku moja kwa kuwa mfuko wa zamani uliisha jioni na duka lilikuwa na huo mwingine tu.

Mwongozo huu nimeuandika kwa mtu mwenye kuku 100 wa mayai ndani ya banda, ukanda wa joto kama Dar es Salaam, Kibaha au Tanga. Chotara na kuku wa nyama nimewatengea sehemu fupi karibu na mwisho.

## Andaa hivi kwanza

- Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu. Ukiniambia huna hela ya mizani, nitakwambia hujawa tayari kununua kuku 100.
- Daftari na kalamu, vining'inizwe mlangoni mwa banda.
- Sinia au chano 2 za vifaranga, na magazeti ya siku za mwanzo.
- Vilishio vya duara 4 hadi 5 vya kuku wakubwa, na vinyweshio vya kutosha.
- Chaga za mbao za kuwekea mifuko. Mfuko usilale sakafuni wala usiegemee ukuta.
- Stata mifuko 4 ya kilo 50, itakayowafikisha wiki ya 8.
- Fedha ya growa mifuko 9, kuanzia wiki ya 9 hadi ya 18. Iwe imetengwa tangu siku ya kwanza.
- Chokaa ya mifugo ya punje, au makombe ya baharini yaliyooshwa yakaisha chumvi na kutwangwa.

Jumla, kuku mmoja hula kilo 6 na nusu hivi kabla hajakupa yai hata moja. Wengi huishiwa hela wiki ya 12, ndipo wanapoanza kuchanganya growa na pumba tupu. Kundi likiharibikia hapo, leyazi hailitengenezi.

## Hatua ya 1: Soma mfuko kabla ya kulipa

Tafuta mambo matatu: tarehe ya kutengenezwa, protini na kalsiamu.

Stata ya kuku wa mayai iwe na protini asilimia 18 hadi 20. Growa hushuka hadi 15 au 16. Leyazi hupanda kidogo, 16 au 17. Ukiishia kwenye protini tu, utaona growa na leyazi ni ndugu wa damu. Sasa soma kalsiamu: growa ina asilimia 1 hivi, leyazi ina 3.5 hadi 4. Yaani karibu mara nne. Tofauti hiyo ndiyo inayoua kuku au kuokoa mayai, na ndiyo wafugaji wengi hawaisomi.

Ukifungua mfuko, chota kiganja kimoja ukinuse. Chakula kizuri kinanukia nafaka na dagaa kwa mbali. Kikinuka uvundo, kikishikana mabonge, au ukiona ukungu wa kijani, mrudishie mwenye duka. Usikianike juani ukadhani umekiponya. Sumukuvu, yaani sumu inayoachwa na ukungu, haiondoki kwa jua, na ini la kifaranga haliihimili.

Usinunue mfuko uliokaa dukani zaidi ya mwezi. Kwenye joto letu mafuta ya chakula huchacha na vitamini hupungua, hata kama kwa macho unga unaonekana vilevile.

Ukifanikiwa: umeandika daftarini jina la chakula, tarehe ya mfuko, na siku uliyoufungua.

## Hatua ya 2: Siku 3 za kwanza

Kifaranga anafika na gramu 40 hivi. Mpe maji kwanza, saa moja au mbili baadaye mwage stata juu ya gazeti na kwenye sinia. Gazeti lina kazi yake: kifaranga akikanyaga chakula kinatoa sauti, anainama, anadonoa. Wenzake wanamwiga.

Jioni ya siku ya kwanza, na tena asubuhi inayofuata, kamata vifaranga 20 kutoka pembe mbalimbali za bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga. Gusa gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo. Likiwa laini na limejaa, amekula na amekunywa. Likiwa gumu kama punje kavu, amekula bila maji. Likiwa tupu, hajapata chochote.

Asubuhi ya siku ya pili, kati ya 20, wasio na kitu wasizidi mmoja. Wakiwa watatu au wanne, usikimbilie dawa. Angalia joto kwanza. Kifaranga mwenye baridi hujikunyata chini ya taa wala haendi kwenye sinia. Wakitawanyika na kuhema midomo wazi, umewaunguza.

Onyo: wape stata tu. Ule mchele wa mapunje na uji wa mahindi tuliowaona bibi zetu wakiwapa vifaranga ulikuwa wa vifaranga wa kienyeji waliokuwa na mama yao, wakila na mchwa na viwavi. Huyu wa bandani hana mama wala mchwa.

## Hatua ya 3: Stata hadi wiki ya 8

Wiki ya kwanza kuku 100 watakula kilo 1 hivi kwa siku. Wiki ya 4 watakuwa wanakaribia kilo 3, na wiki ya 8 kilo 5. Kwa wiki hizi usiwapimie. Chakula kiwepo muda wote wa mwanga. Mifupa na ogani za ndani zinajengwa sasa, na kilichokosekana hapa hakilipiwi baadaye.

Kuanzia siku ya 5 ondoa magazeti kidogo kidogo. Wiki ya 3 hamia kwenye vilishio, ukivijaza theluthi moja tu. Kilishio kilichojaa hadi ukingoni ni cha kumwaga: kuku anachakura kwa mdomo kutafuta punje anayoipenda, unga unaishia kwenye maranda. Ukingo wa kilishio uwe usawa wa mgongo wa kuku. Kila wiki pandisha kamba.

Kila mwisho wa wiki pima kuku 10. Wachukue bila kuchagua, mmoja mmoja kwenye ndoo iliyo juu ya mizani. Kwa kuku wa mayai wa kahawia, wastani unaotafutwa ni takriban huu:

- Wiki ya 4: gramu 270
- Wiki ya 8: gramu 650
- Wiki ya 12: kilo 1 na kidogo
- Wiki ya 18: kilo 1.45 hadi 1.5

Aliyekuuzia vifaranga akikupa jedwali la aina yao, fuata lake, uache langu.

Wastani hautoshi. Hesabu pia ni wangapi kati ya 10 wako karibu na wastani, wasipungue wala kuzidi kwa zaidi ya asilimia 10. Wakiwa 8, kundi limelingana. Wakiwa 5, wakubwa wanawapokonya wadogo. Ongeza kilishio kimoja, na wadogo watenge wale peke yao.

Ukifanikiwa: wiki ya 8 wana gramu 650 au zaidi. Kama wana 550, usivuke. Endelea na stata wiki moja, hata mbili. Kalenda inakukumbusha tu. Mwenye uamuzi ni mizani.

## Hatua ya 4: Kuvuka kwenda growa

Mifuko miwili, stata na growa, iwe ndani ya stoo kwa pamoja. Changanya kwa kopo moja lilelile:

- Siku ya 1 na 2: makopo 3 ya stata, 1 la growa
- Siku ya 3 na 4: makopo 2 kwa 2
- Siku ya 5 na 6: kopo 1 la stata, 3 ya growa
- Siku ya 7: growa tupu

Sababu ni mbili. Utumbo wa kuku huhitaji siku kadhaa kuzoea mchanganyiko mpya, ukimshtua ataharisha. Ya pili ni tabia yake. Kuku akiona chakula cha rangi na punje ngeni hukisusa nusu siku, na kuku mwenye njaa huanza kudonoa manyoya ya mwenzake. Kudonoana kukishaanza, kukizima ni kazi.

Onyo: usivuke wiki ya chanjo, wala wiki unayowahamisha banda. Mshtuko mmoja unatosha.

## Hatua ya 5: Growa, wiki za uvumilivu

Hapa kuku anakula na hakupi kitu. Kuku 100 wanakula kilo 5 kwa siku, kisha 6, hadi 8 na zaidi karibu na wiki ya 18. Protini imeshushwa kwa makusudi: tunataka mtetea wa mifupa mirefu asiye na mafuta tumboni. Akinenepa sasa, mayai yatamtoka kwa shida na wengine watatokeza kizazi nje.

Kundi langu la pili niliponzwa na haraka. Muuza chakula aliniambia, "Wape leyazi mapema, watataga mapema." Walikuwa na wiki 13. Nikawapa. Siku chache baadaye wakawa wanakunywa maji kama wamekula dagaa wa chumvi, kinyesi kikawa majimaji meupe na maranda yakalowa. Wakaanza kufa mmoja mmoja, bila kukoroma, bila mafua. Mtaalamu wa mifugo alimpasua mmoja mbele yangu, akanionyesha figo: zimevimba, zina unga mweupe kama vumbi la chaki, na moyo umepakwa weupe uleule. Nilifikiri ni ugonjwa wa kuambukiza. Akaniuliza, "Unawapa nini?" Nikamwonyesha mfuko. Hakuniuliza kingine.

Kuku asiyetaga hana mahali pa kupeleka kalsiamu yote ile. Anayetaga huitoa kwenye ganda kila siku. Huyu inamrundikia kwenye figo.

Kwa hiyo ukiishiwa growa wiki ya 13 na duka lina leyazi tu, rudi kwenye stata kwa siku chache. Ni ghali kidogo, lakini haimdhuru.

Ukifanikiwa: wiki ya 16 kuku ni mwepesi, ana miguu ya njano iliyokauka vizuri, na ukimshika kifua husikii mfupa uliochongoka wala nyama tepetepe.

## Hatua ya 6: Kuvuka kwenda leyazi

Usihesabu wiki peke yake. Tafuta dalili hizi kwa kuku wengi, siyo mmoja mwenye kiherehere:

Upanga wa kichwani umekua na kuwa mwekundu. Ukimsogelea anachuchumaa na kutanua mabawa kidogo. Ukipima kwa vidole kati ya mifupa miwili ya nyonga, karibu na tundu la kutagia, vidole viwili vinaingia. Na mizani inasoma kilo 1.4 au zaidi.

Kwa kawaida hayo hukutana wiki ya 17 au 18. Anza kuchanganya siku hiyo kwa mpango uleule wa siku 7. Ukiokota yai la kwanza kabla hujaanza, anza jioni hiyohiyo.

Kuchelewa nako kuna gharama. Wiki kama mbili kabla ya yai la kwanza, kuku hujiwekea akiba ya kalsiamu ndani ya mifupa. Usipompa ya kuweka, ataichomoa kwenye mifupa yenyewe kutengeneza ganda. Utaona mayai tepetepe, kisha kuku aliyelala ubavu asubuhi akishindwa kusimama ilhali macho yake ni mazima. Huyo hana ugonjwa wa kideri. Amekopa kwenye mifupa hadi ikaisha.

Ukifanikiwa: unapookota mayai 5 kwa siku kati ya kuku 100, wote wanakula leyazi tupu.

## Hatua ya 7: Kulisha anayetaga, hasa wakati wa joto

Kuku anayetaga hula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Kuku 100 ni kilo 11.5 hivi, mfuko wa kilo 50 unakwenda siku 4 na kidogo, na mwezi mzima ni mifuko 7. Maji ni mara mbili ya uzito wa chakula siku ya kawaida, yaani lita 23 au zaidi. Siku ya joto kali yanaweza kuzidi hapo kwa mbali.

Mpe sehemu ndogo saa 12 asubuhi na sehemu kubwa kuanzia saa 10 jioni. Ganda la yai huchukua karibu saa 20 kutengenezwa, na kazi kubwa hufanyika usiku. Kuku aliyelala na chokaa tumboni ana cha kutumia. Aliyekula yote asubuhi anatumia mifupa. Kwa sababu hiyo chokaa ya punje iwekwe jioni, kwenye chombo chake, kila kuku ajichukulie anachotaka. Punje hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole hadi usiku wa manane. Ya unga hupita haraka.

Onyo: chokaa ya kujengea au ya kupaka ukuta siyo chakula. Inaunguza mdomo na koo. Nunua iliyoandikwa ya mifugo.

Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Februari, watapunguza kula wenyewe. Mchana usiwasukume. Maji yabadilishwe saa 6 yawe ya baridi, na chakula kisogezwe alfajiri na jioni. Mayai yakipungua ukubwa wiki hizo, usilaumu mfuko kabla hujapima walichokula.

Akipita wiki ya 50, mayai yanakuwa makubwa na ganda jembamba. Chombo cha chokaa kisikauke. Basi; hahitaji chakula cha ajabu.

## Ukitaka kuchanganya mwenyewe

Ushauri wangu: leyazi changanya, stata usichanganye. Kosa dogo kwenye leyazi linakupunguzia mayai. Kosa lilelile kwenye stata linaharibu kundi zima.

Kwa kilo 100 za leyazi:

- Mahindi yaliyoparazwa: kilo 45
- Pumba za mahindi: kilo 15
- Mashudu ya alizeti: kilo 15
- Soya iliyokaangwa na kusagwa: kilo 9
- Dagaa waliosagwa: kilo 5
- Chokaa ya mifugo: kilo 8.5
- Unga wa mifupa: kilo 2
- Chumvi: robo kilo
- Premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) ya kuku wa mayai: robo kilo, au kama pakiti inavyoelekeza

Inatoka na protini karibu asilimia 16. Premiksi na chumvi zichanganye kwanza na kilo 2 za mahindi ndani ya beseni, kisha mwaga mchanganyiko huo juu ya rundo. Geuza kwa koleo kutoka rundo hili kwenda lile, mara nne. Robo kilo ukiitupa moja kwa moja kwenye kilo 100, kuku mmoja atapata ya wiki na mwenzake hatapata kabisa.

Dagaa ndiyo mahali pa kuibiwa. Weka kijiko cha dagaa waliosagwa kwenye glasi ya maji, koroga, subiri dakika mbili. Mchanga utalala chini. Nimewahi kuona theluthi ya kijiko ikiwa mchanga. Halafu walambe kwa ncha ya ulimi: wakiwa na chumvi kali, chumvi ya mchanganyiko iache. Soya mbichi usitumie. Ina kitu kinachozuia protini isimeng'enywe hadi ikaangwe. Mashudu ya pamba nayo yapite pembeni kwa anayetaga, kiini cha yai kinaweza kugeuka rangi yakikaa.

Ukitaka uhakika, peleka sampuli ya nusu kilo kwenye maabara ya Wakala wa Maabara ya Veterinari, Temeke, au Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

## Chotara na kuku wa nyama, kwa kifupi

Chotara kama Sasso na Kuroiler: stata wiki 4 za kwanza bila kubana, kisha growa. Akianza kutoka nje, growa iwe ya jioni na asubuhi kidogo, majani na wadudu ajitafutie. Anayekula nafaka nzima awe na changarawe ndogo za kusagia. Mitetea wakianza kutaga wape leyazi, na jogoo watenganishwe wakiwa wengi.

Kuku wa nyama: stata ya nyama, yenye protini 21 au 22, wiki 2 hadi 3 za mwanzo, kisha finisha (chakula cha kumalizia) ya 18 au 19 hadi kuchinja wiki ya 5 au 6. Atakula kilo 3 na nusu hivi. Stata ya kuku wa mayai haimtoshi. Atadumaa na hutafidia siku 35 zikiisha. Chakula cha nyama chenye dawa ya kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo, usimpe kuku anayetaga, na mabaki yake usimpe punda. Baadhi ya dawa hizo zinamuua.

## Mfuko uliobaki

Mwisho wa kila hatua utabaki na kilo 10 au 15. Stata iliyobaki inafaa kuchanganywa kidogo kidogo kwenye growa. Growa iliyobaki wape chotara wa nje. Leyazi iliyobaki baada ya kuuza kundi la zamani, ifunge mdomo, andika tarehe kwa kalamu nene, na iwekee alama nyekundu. Kundi jipya la vifaranga likiingia, mfuko huo utakuwa bado stoo, na kijana wa kulisha ataufungua siku stata itakapoisha. Kama huna kuku anayetaga wa kuula ndani ya mwezi, mgawie jirani mwenye nao.